Arobaini Kwenye Kopo la Petroli

Mume wangu ni fundi saa, na kwa miaka kumi na moja alimcheka mdogo wake. Shemeji yangu huyo, karani wa posta, alikuwa na jeshi la askari wa bati, kila mmoja mrefu kama nusu ya kidole. Aliwapaka rangi kwa brashi nyembamba ajabu, na kila Jumamosi aliwabeba kwenda kupigana vita juu ya meza, akiwa na futi ya kupimia mwendo wao na dadu za kuamua nani afe.

"Kaka, njoo ujaribu mara moja tu," alikuwa akimbembeleza. "Una mkono mtulivu kuliko sisi wote."

"Mimi mtu mzima. Midoli nimekuachia wewe."

Akibanwa sana alisema, "Siku nyingine." Alisema hivyo ili aachwe anywe chai yake kwa amani.

Shemeji alifariki mwezi wa tatu. Moyo ulisimama akiwa dirishani pale posta, muhuri mkononi. Jeshi likaja kwetu ndani ya sanduku la viatu: askari arobaini, ishirini na sita wamepakwa, kumi na wanne bado bati tupu. Mume wangu, ambaye msibani hakudondosha chozi, aliliweka sanduku juu ya meza yake ya kazi. Hakuwatazama mmoja mmoja. Alisema bado hawezi.

"Nitamalizia waliobaki," akaniambia. "Mwisho wa mwezi nitakaa kwenye kiti chake, na jeshi lake zima."

Akamwendea mwalimu wa hesabu, mpinzani wa siku zote wa marehemu, akafundishwa kama mtoto wa chekechea. Nilimkuta akinong'ona sheria za mchezo huku anapiga mswaki. Somo la kupaka rangi lilianza na hili: askari mpya aoshwe kwanza, maana hutoka kiwandani na mafuta.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mume wangu hagusi saa iliyopita mikononi mwa fundi mwingine kabla hajaiosha yote, kila kipande, kwenye petroli yake aliyoitia dawa kali. Amefanya hivyo miaka thelathini. Basi akawamimina wote arobaini ndani ya kopo, akafunga kifuniko, akalitikisa, akaja kula. Mikono ilijiendea yenyewe. Kichwa kilikuwa kwa mdogo wake.

Alipofungua, petroli ilikuwa tope. Akawatoa kwa kibano, mmoja baada ya mwingine, wote bati tupu. Sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Nilimshika mabega. Nilikuwa na hasira naye, nisiseme uongo, hasira ya ile "siku nyingine" yake, lakini sikumwachia.

Jumamosi ikafika akaenda nao hivyo hivyo, nami nikamsindikiza. Mwalimu alitazama ndani ya sanduku. Kisha akauliza kwa upole, "Na yule wako, kaka? Naye umemwosha?"

"Wangu yupi?"

"Kumbe hakukuonyesha? Alimpaka mvi zako, na lile shati lako la buluu, na kadoa keusi jichoni, ndiyo lenzi yako ya kazi. Kila Jumamosi alimweka mstari wa mbele. Alikuwa akituambia, kaka anakuja, namshikia nafasi."

Mume wangu akatoa lenzi mfukoni, akaibana jichoni, akaanza kuwashika mmoja mmoja. Mvi zilikuwa rangi. Shati lilikuwa rangi. Chini ya rangi wote walikuwa na sura moja ya kiwandani, na hilo tulilijua sote watatu pale mezani.

Mwalimu alikuwa ameshika dadu, akaziweka chini. Tukamngoja. Alipomfikia wa arobaini, akamrudia wa kwanza.