Nsumba Ntale wa Maandazi

Pale Mabatini, Mwanza, wenye magari hukaa chini kando ya barabara, na wasio nayo hupanda kwenye mawe kadiri magoti yanavyoruhusu. Bernadeta alikaa katikati. Cherehani yake ya kushonea sare za shule ilikuwa barazani, na kutoka hapo aliwaona wote, wanaopanda wakihema na wanaoshuka wakipiga soga. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye ulimi usiojua mapumziko. Udhaifu wake ulikuwa mmoja na mtaa mzima uliujua: mjukuu wake Dorcas.

Dorcas alikuwa na miaka kumi. Baba yake, Obedi, alihamishiwa kikazi Nyamagana akitokea Dar es Salaam, wakafikia kwa Bernadeta wakati nyumba inatafutwa. Siku ya kwanza tu bombani, Dorcas aliwatangazia watoto wenzake kwamba baba yake ni bosi, kwamba kwao Dar kulikuwa na friji mbili, na kwamba yeye hakuzoea kupanga foleni. Watoto walimsikiliza kwa adabu zote, wakampa jina la Meneja, kisha wakaenda kucheza rede bila yeye.

Tangu hapo kila jioni alikaa barazani peke yake, akichambua vifungo vya mashati kwa rangi. Bernadeta akimtazama moyo ulikuwa unamuuma kweli kweli. Mtoto mzima hana hata mwenzake mmoja wa kugombana naye!

Ndipo mvua kubwa ikanyesha, na ukuta wa mawe ulioshikilia uwanja wa Mzee Nkwabi, jirani wa juu, ukaporomoka. Mzee alikuwa mjane, magoti yake yamegoma, na mvua nyingine ingeondoka na jiko lake. Mpwa wake, fundi, alikubali kuujenga bure. Kilichokosekana ni mikono ya kupandisha mchanga, maana gari halifiki huko. Bernadeta akasema watoto wa mlimani wataupandisha Jumamosi, kwa nyimbo, kama vijana wa kwao Kwimba walivyokuwa wakilimiana mashamba.

"Na kama kule," akawaambia, "mtachagua nsumba ntale, yaani kiongozi wenu. Haangaliwi ni mtoto wa nani. Anaangaliwa mtu."

Maneno mazuri hayo. Tatizo ni kwamba asubuhi ya Jumamosi, kabla ya uchaguzi, bibi huyo huyo alikaanga beseni la maandazi, akampa kila mtoto lake huku akimnong'oneza, "Dorcas anafaa, au siyo?" Nani abishane na maandazi ya moto? Watoto walipoambiwa wajipange nyuma ya wanayemtaka, mstari wa Dorcas ulifika bombani. Nyuma ya Venant, mtoto wa mama muuza dagaa wa juu kabisa mlimani, alisimama mdogo wake Selina peke yake, naye alikuwa anatafuna.

Dorcas aling'aa siku hiyo. Alipanda juu ya jiwe, akafungua mwavuli wa bibi yake na kuanza kuamuru: wewe haraka, wewe ndoo yako haijajaa. Mchana makande yalipoiva, sufuria ililetwa mbele yake, kwa kuwa nsumba ntale ndiye mgawaji. Akachota sahani ya kwanza, ya kilima, akajiwekea mwenyewe na kuanza kula. Watoto wakatazamana.

"Karibu chakula," akasema Venant akiinama kwa heshima, "nsumba ntale wa maandazi."

Kicheko kilishuka mlima hadi barabarani. Jioni mchanga mwingi ulikuwa bado uko chini.

Jumamosi iliyofuata Dorcas aliita mpaka sauti ikakauka. Hakuja mtu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa, na Mzee Nkwabi alitoka na fimbo yake, akayatazama, akarudi ndani bila kulalamika. Hilo ndilo lililomliza Dorcas. Akashuka hadi barazani.

"Bibi, kwa nini wananiita wa maandazi?"

Bernadeta angeweza kudanganya, kipaji hicho alikuwa nacho. Lakini alisimamisha cherehani. "Kwa sababu niliwahonga. Hawakukuchagua wewe, mama, walichagua maandazi. Nisamehe. Nilitaka wakupende upesi."

Dorcas akavuta kamasi. "Maandazi yenyewe hata mimi ningeyachagua," akasema, na wote wawili wakacheka, mmoja akiwa bado analia.

"Mjomba wangu Yeremia alikuwa nsumba ntale," Bernadeta akamwambia. "Yeye alilima pembeni kwenye udongo mgumu. Chakula kikija anagawa, na yeye anakula wa mwisho. Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani huyu mtu hana njaa."

Kisha akatafuta kandambili zake. "Twende kwa akina Venant, nikakusemee."

"Usije, Bibi," akasema Dorcas. Alifika kwenye ngazi, akageuka. "Na usipike kitu."

Alichosema Dorcas huko juu, Bernadeta hakukisikia, na kutokusikia kulimtesa. Aliona tu kwa mbali mjukuu wake akipiga goti kumwamkia mama Venant, kisha akishuka na Venant, kila mmoja na ndoo. Venant akamviringia kanga kuukuu kuwa kata ya kichwani. Ndoo ya kwanza haikufika popote. Ilimmwagikia Dorcas yote, nywele, masikio na mdomo, na watoto waliokuwa wakichungulia nyuma ya mawe wakaangua kicheko. Dorcas akatema mchanga, akacheka nao, akarudi kuchota tena.

Basi wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ana shughuli zake huko. Wakajipanga kupokezana ndoo. Dorcas akashika kipande cha juu ya bomba, penye mwinuko na utelezi, ambapo hakuna aliyepataka. Wimbo ukaanza, naye hakuujua, akawa anaitikia kwa kukosea. Mvua ikavumilia. Jioni hakukubaki mchanga chini, na fundi alikuwa ameshaanza kupanga mawe.

Mama Venant alileta ugali na dagaa. Sufuria ikawekwa katikati na kila mtu akaitazama.

"Nawa, ugawe," Venant akamwambia Dorcas.

Alianza na Mzee Nkwabi, akafuata wadogo, kisha wakubwa. Alikuwa mkarimu mno mwanzoni. Alipofika mwisho palikuwa na ukoko tu, akaanza kuukwangua kimya kimya.

Bernadeta alikuwa amekaa pembeni, na chini ya kanga yake palikuwa na sahani. Aliambiwa asipike, kweli, lakini kukaanga kipande cha sato si kupika hasa. Mkono wake ukaanza kutoka. Akamwona mjukuu anatafuna ukoko bila kumtafuta mtu kwa macho, akaurudisha mkono na kuukalia.

Venant alimega ugali wake, akauweka kwenye sahani ya Dorcas, akaendelea kula. Selina akaleta dagaa wake, mmoja akiwa ameshang'atwa. Kisha mwingine, na mwingine, hadi kikawa kilima kikubwa kuliko kile cha Jumamosi ya kwanza.

"Sasa hii nitaimaliza saa ngapi?" akauliza Dorcas, na safari hii hakuna aliyemwita Meneja. Walimwita Dorcas, wakamwambia ale haraka, kesho kuna rede na timu imepungukiwa mtu.

Bernadeta alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga. Mzee Nkwabi akamsogelea.

"Mama Obedi, hapo chini umeficha nini?"

"Hakuna kitu, shemeji."

"Mbona kinanukia samaki?"

Bernadeta akaitoa sahani, akamkabidhi huku akicheka na machozi yakimtoka. Mzee akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, akala yote, kwani haikuwa na mwenyewe tena.