Alama Mbili za Mama Kasoro

Ofisini walimwita Mama Kasoro, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Kazi yake ilikuwa kusahihisha programu za kompyuta zinazobashiri jinsi protini, ule uzi mdogo wa mwilini, inavyojikunja. Alichukua umbo lililobashiriwa, akalilaza juu ya umbo halisi lililopimwa maabara, akatoa alama kwa jicho lake, maana hesabu za mashine hakuziamini. Hakuna programu iliyowahi kuvuka themanini. Nyumbani nako, mumewe alipewa sitini kwa kutandika kitanda.

Jumatatu moja maumbo mawili yakalaliana barabara kwenye skrini. Hakupenda hata kidogo. Alikodoa macho asubuhi nzima, akafuta miwani mara tatu, mwishowe akatoa tisini na nane. Mbili alizikata kwa sababu, aliandika, "mkunjo wa kushoto umefanywa kwa uvivu."

Fundi wa maabara, mtu mpole wa kuomba radhi hata kwa mlango, alikuja kuchukua ripoti. Akatazama skrini, akakohoa.

"Samahani, mama. Umefungua faili letu la maabara mara mbili. Hilo ndilo jibu lenyewe. Protini hiyo iko hivyo hivyo kwa kila mtu, hata wewe."

Mama Kasoro akautazama tena ule mkunjo, kisha akajishika mguu.

"Nilijua tu," akasema. "Ndiyo maana goti hili la kushoto linanisumbua."

Na zile alama mbili hakuzirudisha.