Kapteni Aliyewasema Watu wa Feni Hewani

Amemwita kaka! Jamani, mdogo wake amemwita kaka tena, mbele za watu, na Kapteni mzima na mistari yake minne mabegani akalengwalengwa na machozi kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

Ngojeni, tuanze mwanzo, maana hii habari tamu imebeba aibu kibao.

Kapteni anarusha jeti za kampuni kubwa. Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, naye ni rubani, ila kampuni yao ni ndogo na ndege zao ni zile zenye mapanga yanayozunguka mbele ya bawa. Ndo maana marubani wa jeti wanawaita "watu wa feni". Wenyewe walishazoea, wanajiita hivyo hivyo.

Basi kampuni hizo mbili zikatangaza zinaungana, na usingizi wa marubani ukaishia hapo. Kisa ni foleni. Kila rubani ana nafasi yake kwenye foleni ya kampuni tangu siku aliyoajiriwa, na foleni ndo inaamua nani awe kapteni, nani arushe ndege gani, nani akae nyumbani sikukuu. Sasa ukichanganya foleni mbili, lazima kuna mtu anasogezwa nyuma. Watu wa feni walitaka ihesabiwe siku ya kuajiriwa, basi. Watu wa jeti wakasema thubutu, anayerusha dege kubwa atangulie.

Na Kapteni? Kapteni alikubaliana na kila mtu. Ugonjwa ulianzia hapo.

Jumapili, kwa mama yao, anaosha vyombo na mdogo wake, anamwambia, "Wewe uko kazini miaka yote hiyo, halafu uwekwe nyuma ya watoto wa juzi? Kwenye kikao cha pamoja cha marubani nitasimama niseme."

"Kweli kaka?"

"Mimi tena?"

Mdogo mtu akaenda kwa wenzake akatamba: msiwe na hofu, upande wa pili tuna mtu.

Ila Jumatatu Kapteni akivaa sare, na ulimi nao unabadilisha nguo.

Asubuhi moja ndege yake ilikuwa kwenye msururu wa kusubiri kuruka. Pembeni yake alikaa rubani msaidizi, kijana mwenye wasiwasi wake wa haki kabisa, maana akisogezwa nyuma, ukapteni atausubiri mpaka aote mvi. Sasa, kwenye usukani wa ndege kuna kitufe. Ukikibonyeza, mnara wa kuongozea ndege unakusikia, na marubani wote walio hewani na pale uwanjani wanakusikia. Ukikiachia, anakusikia mwenzako tu. Kapteni aliujibu mnara, kidole akakisahau pale pale. Na ubaya wa kitufe kile, ukikikalia, hakuna anayeweza kuingia kukwambia nyamaza.

"Kapteni, hivi kweli hawa watu wa feni watatupita?" msaidizi akauliza.

"Watupite waende wapi? Kuzungusha feni ndo kurusha ndege? Waje, wakae mwisho wa foleni, waanze na kubeba mabegi."

Msaidizi akacheka. "Na dada yetu je?"

"Yule namtuliza tu. Ndugu unamwambia anachotaka kusikia, siku zinaenda."

Kisha akainua kidole ajikune pua.

Redioni ikaja sauti ya mwanamke, tulivu, kutoka ndege iliyokuwa nyuma yake kabisa.

"Mnara, feni iko tayari kuruka, ikipewa nafasi."

Kuna rubani akaachia kicheko huko hewani. Kapteni masikio yalimwaka. Abiria wote walikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, lakini alijiona kama amesimama katikati yao bila shati.

Alipotua tu, akapiga simu.

"Habari za kazi, Kapteni," mdogo wake akaitikia.

Kapteni! Mtu aliyemwita kaka tangu anajifunza kuongea.

"Mdogo wangu, ule ulikuwa utani wa kazini."

"Feni haijaniuma, Kapteni. Mimi niliwaambia watu wangu tuna mtu." Akakata.

Jumapili mama alimpokea mlangoni. "Nasikia siku hizi umekuwa redio."

"Mama, ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya ni kidole, mwanangu. Maneno ulikuwa nayo."

Siku hiyo aliosha vyombo peke yake.

Kikao kikafika. Ukumbi wa mafunzo, jeti kushoto, feni kulia, hakuna anayemsalimia mwenzie. Kapteni aliposimama, watu wa jeti wakampigia makofi kabla hajafungua mdomo, na mmoja akachombeza, "Waambie mabegi yako wapi!" Hapo aibu ikamfika kwenye mifupa. Kumbe wenzake walimpenda kwa yale maneno ya redioni.

"Yale maneno ni yangu," akasema. "Na kuwacheka siyo baya kuliko yote. Nilimuahidi mdogo wangu nitawasemea, nikaja kazini nikasema kinyume. Nilitaka kupendwa pande zote. Leo nasema nilichoahidi. Ihesabiwe siku ya kuajiriwa, hata kama na mimi nitarudi nyuma."

Msaidizi wake akainuka. "Na mimi, Kapteni? Si uliniambia tuko pamoja?"

"Na wewe nilikudanganya. Nisamehe."

Kijana akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Kapteni akageuka akae, akakuta kiti chake kimeshawekewa koti la mtu, na mwenye koti anaangalia dari. Akabaki kasimama pale njiani na kofia mkononi, hajui aende wapi, jasho linamtiririka mgongoni.

Upande wa kulia, mdogo wake akavuta kiti kimoja. Hakutabasamu hata kidogo.

"Kaka, kaa. Unatuzibia."

Akakaa, macho chini, hakuweza kumtazama mpaka kikao kinaisha. Foleni yenyewe bado wanaigombania, na msaidizi mpaka leo anamsalimia kwa kichwa tu.

Kama unamjua mtu anayeongea hivi nyumbani na vile kazini, mtumie hii asome. Na wewe ukishasoma, wapelekee wengine, tafadhali.