Udongo wa Kupeleka Mjini

Mahindi yangu kule shambani Murangi yaligeuka manjano, basi nikapeleka udongo ukapimwe ofisi ya kilimo Musoma. Bwana shamba akaufikicha kwa vidole, akaunusa, akanitazama.

"Mzee, huu umeuchota wapi?"

"Shambani."

Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akachungulia mfuko wangu.

"Shambani wapi! Huo ni wa zizini, unanuka ng'ombe. Kwani ukiumwa unapelekaga hospitali damu ya jirani?"

Ofisi nzima ikacheka. Kweli niliuchota zizini. Ule wa kwenye mahindi ni mwekundu, mawe matupu. Niliona aibu kuupeleka mbele za watu.

Nimewahimiza sana hapa, wasomaji wangu, mpime udongo wenu ili muujue. Mimi wangu nilikuwa naujua. Ndiyo maana niliuficha.