Sauti ya Shilingi Tano

Mimi niliyekula samaki wa Kisumu na wa Mombasa bila kudhurika, wiki iliyopita nyama ya mbuzi ilinisakama kooni hapa hapa Nakuru. Nilifika hospitali nikiwa bubu, macho yamenitoka, nikionyesha koo kwa kidole. Dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda, mtu mwenye mikono kama ya mpasua kuni, hakuuliza kitu. Alinipiga mgongoni mara tatu, nyama ikaruka hadi kwenye benchi.

Nikitoka, karani akanyoosha kiganja. "Shilingi tano, mzee. Ada ya dharura."

"Ya nini? Daktari hajaniona hata kisigino!"

"Kanuni ni kuhudumiwa. Si lazima daktari akupime."

Basi nikawaka. Nilimgombeza kwa Kiswahili, kwa Kihindi cha dukani, na kwa Kiingereza nilichookota jeshini Burma. Wagonjwa walisahau maumivu yao, wakanisikiliza.

Karani alingoja nipumue. "Mzee, ulipoingia hukuweza kutaja hata jina lako. Hiyo sauti ya kunitukana umeipata wapi?"

Wasomaji wangu, nililipa, tena kimya kimya. Dresa alikuwa amesimama mlangoni, na mgongo wangu ulikuwa bado unamkumbuka.