Nilimwambia Wanja Baba Amekaa Kitini

Kosa ni langu. Naandika hapa kwa sababu kule nyumbani analibeba mtu mwingine, nami nimenyamaza miezi minne, nakula na kulala kama kawaida. Moyoni sisikii chochote. Mkinitukana, mna haki.

Naishi Majimbo, hapa Embu mjini. Kazi yangu ni kuandika programu za visanduku vya kamera. Mkulima anafunga kamera zizini au shambani, na kisanduku kilicho mezani kwake mjini kinamwonyesha mali yake kwenye kioo kidogo. Ndani yake kuna chipu ya DSP, ya bei rahisi, ambayo kazi yake ni kufungua picha zilizobanwa.

Nivumilieni nieleze, maana kosa lenyewe limo humo. Kamera haitumi picha nzima. Inaibana kwa kuigeuza kuwa misimbo. Kinachotokea mara nyingi hupewa msimbo mfupi, cha nadra hupewa mrefu. Misimbo hiyo inakuja imeshikana, bila nafasi katikati, na hujui mmoja unaishia wapi mpaka umalize kuusoma. Ukishindwa na mmoja tu umepotea! Kila kinachofuata, hadi chini kabisa ya picha, ni takataka.

Kumbukumbu ya ile chipu ilikuwa ndogo, jedwali zima la kusomea misimbo hiyo halikuingia. Basi nikalikata mkia. Ile misimbo mirefu kabisa nikaiacha nje. Nilijaribu na picha za ng'ombe, za majani chai, za miraa, na hakuna hata moja iliyoihitaji. Nikajisifu, jamani! Nikasema kitu cha nadra namna hiyo kitakuja lini.

Halafu mteja mmoja wa mji wa Maua akapiga simu akiwa amechemka.

"Hii kitu yenu iko na ugonjwa! Huku chini ni viraka viraka tu, mimi sioni miraa yangu!"

Kwake ni mtandao uliokuwa ukipoteza data njiani. Lakini mkubwa wangu hakutaka hadithi. "Maliza hiyo maneno ya viraka," aliniambia. "Mtu akiona hivyo atarudisha mashine."

Nikaimaliza. Niliandika kwamba popote chipu inaposhindwa kusoma, iache kwenye kioo kile kilichokuwepo kabla. Viraka vikaisha siku hiyo hiyo. Sikuweka hata nukta nyekundu pembeni ya kumwambia mtu kwamba anachokiona ni cha zamani. Yule mzee wa Maua alinitumia kifurushi cha miraa ya shukrani.

Baba yetu alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Dada yangu Wanja ndiye aliyekuwa akimtunza, na siku za soko alikuwa akienda Kianjokoma kuuza avokado. Mimi nikapeleka kamera nyumbani, nikaifunga sebuleni ielekee kiti cha Baba. Nilijiona mtoto wa maana sana.

"Baba, ukitaka kitu inua mkono," nilimwambia. "Nitakuona, nimpigie Wanja aje."

Alicheka kwa nusu ya mdomo. "Wewe unione kutoka Embu?"

"Nitakuona, Baba."

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Kisanduku kilikuwa mezani pangu kazini. Baba alikuwa kitini, blanketi magotini, kikombe kwenye stuli kando yake. Saa sita Wanja akapiga simu.

"Baba ako aje? Nifunge nirudi?"

"Ako sawa, amekaa tu. Wewe uza."

"Uko sure?"

"Si namwona hapa!"

Na nilikuwa namwona kweli. Juu ya kichwa chake kuna saa ya ukutani, ilisoma saa sita sawasawa, na mshale ulikuwa ukitembea. Ningeshuku nini? Saa nane akapiga tena, nikamwambia mzee ametulia kabisa. Ndiyo, nilisema ametulia.

Wanja alifika nyumbani saa tisa, akamkuta Baba sakafuni, kwenye simenti, nguo zimelowa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeinuliwa. Tulimkimbiza hospitali, kifua kikawa kimeingiwa na baridi. Siku ya tisa akatuacha.

Kabla ya mazishi nilichukua kile kisanduku. Kina kadi inayohifadhi misimbo jinsi ilivyofika, kabla chipu haijaigusa. Nikaifungua kwenye kompyuta, kwa jedwali zima.

Picha zilikuwa zimefika zote. Hakuna hata moja iliyopotea njiani!

Saa nne na robo Baba alijinyoosha kuchukua kikombe, akaanguka. Kiti kikabaki kitupu. Juu kwenye mgongo wa kile kiti, pa kuegemeza kichwa, kuna kitambaa cheupe alichofuma marehemu mama, chenye vitundu vidogo vidogo. Baba akikaa, kichwa chake hukifunika. Alipotoka, jua la dirishani likakipiga, na vile vitundu vikahitaji ile misimbo mirefu niliyoikata. Chipu ikapotea hapo hapo. Saa ya ukutani, kwa kuwa iko juu, iliendelea kuonyeshwa moja kwa moja. Kuanzia kwenye kitambaa kwenda chini, nilikuwa natazama baba wa saa nne.

Baba wa kweli alikuwa sakafuni ameielekea kamera. Anainua mkono. Anaushusha. Anauinua tena. Nilitazama mpaka pale Wanja anapoingia mlangoni, halafu nikaenda kuosha vyombo.

Kwenye mazishi mashangazi walinong'ona bila kujificha. "Huyu msichana alimwacha mzee akaenda kuuza avokado." Mimi nilipewa maikrofoni. Nilisifiwa kwamba nilimwekea baba kamera, nami nikawashukuru watu kwa kufika. Mungu wangu, niliwashukuru!

Jioni Wanja aliniuliza nyuma ya jikoni, "Siku hiyo wewe uliona nini?"

"Alikuwa amekaa."

"Basi alianguka nikiwa njiani. Ningeharakisha tu kidogo. Lakini alikuwa baridi sana."

Nikaingia ndani. Tangu hapo Wanja hajaenda soko tena.

Mwezi uliopita aliniomba ile picha ya Baba akiwa kitini, ya mwisho mwisho, akiwa bado mzima. Ningeweza kusema hapo. Badala yake nilimtumia ile niliyokuwa nimeipiga kwa simu siku hiyo kwenye kioo cha kisanduku. Akaisafisha Embu mjini, akaitia fremu, na sasa imetundikwa sebuleni. Saa iliyo ndani ya picha inasoma saa nane na nusu. Anasema inamtuliza kujua kwamba hadi saa hiyo Baba alikuwa hajambo.

Nyinyi mnaotengeneza vitu vya kuangaliwa na watu, pakiharibika acheni paonekane pameharibika. Viraka vingenifanya nipige simu. Na wewe uliyekosa ukaona mwingine analaumiwa, sema mapema, kabla hajaanza kufarijika na uongo wako. Mimi nilichelewa. Jumamosi nakwenda nyumbani na kompyuta, na sijui nitaanzaje kumwambia Wanja aishushe ile picha.