Kiti Chake Bado Kiko Wazi

Mimi chuo sijasoma, ila chuo nimekilisha. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili napika Nyumba ya Nguzo, moja ya nyumba za vyama vya wasichana wa chuo hapa Alabama, kwa mabinti mia nne walioapa kuwa wao ni madada mpaka kaburini. Kwa hiyo mtu asije akanifundisha habari za nyumba hizi kwa kuzisoma kwenye simu yake. Aniulize mimi, Odessa Grubbs.

Merritt Hathcock aliletwa na mama yake Agosti ya mwaka juzi. Mama alimpaka rangi ya njano nywele zote kabla ya safari, maana picha za Nyumba ya Nguzo alikuwa amezichunguza na hakuona kichwa cheusi hata kimoja. Mtoto akazunguka nyumba zote kumi na sita juani, kutafuta ya kumchukua, akacheka mpaka mashavu yakamuuma, akaulizwa mara tisini anatoka wapi na anapenda nini. Siku ya mwisho wakaketi uwanjani wasichana elfu mbili, kila mmoja kaikalia bahasha yenye jina la nyumba iliyomchukua. Ikahesabiwa mpaka tatu, wakazichana, wakapiga mayowe, wakakimbia kila mmoja kwenda kwa madada zake wapya. Merritt akakimbilia kwetu. Alikumbatiwa na watu hamsini ambao hawajui hata jina lake la pili.

Mimi nilimjua siku ya tatu, kwa sababu aliingia jikoni kuniuliza kama keki ile ina njugu za pekani. Akila pekani midomo inamvimba. Nikaandika jina lake kwenye karatasi ya ukutani, pale juu ya jiko, na tangu siku hiyo sahani yake nilikuwa naipakua mwenyewe.

Oktoba akashikwa na homa ya mapafu. Akalala bwenini siku kumi na moja. Mnadhani kuna dada aliyekwenda kumwona? Thubutu! Alipata ujumbe kwenye simu, na aliniletea nikausoma kwa macho yangu: "Dada mpendwa, tumekukosa sana mezani! Umekatwa pointi tisa." Na kimoyo chekundu chini yake. Supu ya kuku nilimpelekea mimi, na mimi miguu yangu hii si ya kupanda ngazi za watu.

Basi akajitoa. Alikuwa hajaapishwa, na hilo ndilo lililomwokoa, maana ukishaapishwa hakuna nyumba nyingine itakayokuchukua mpaka unakufa. Aliyetoka kabla ya kiapo anasubiri mwaka, kisha anaruhusiwa kupanga foleni upya.

Na akapanga! Agosti iliyofuata nikamkuta nje ya duka la vyakula, nywele zake za kahawia zimerudi, kitambulisho cha plastiki cha wanaotafuta nyumba kifuani.

"We Merritt," nikamwambia, "umerogwa? Umetoka motoni unarudi kuota moto?"

"Sirudi kwenu, Bi Odessa. Nyumba ziko kumi na sita."

"Kwani kuishi bila nyumba kuna nini? Si kuna wanafunzi maelfu wanaishi?"

Akatazama viatu vyake. "Mwaka mzima nimekula peke yangu, Bi Odessa. Siku tatu nzima niliwahi kukaa sijaongea na mtu. Mimi sitaki mapicha. Nataka mahali ambapo nikichelewa chakula, mtu ataniulizia. Basi."



Lakini nyumba hizi msichana wa mwaka wa pili hazimtaki. Ana miaka kumi na tisa, jamani, wanamtazama kama mkate wa juzi. Na akisema alitoka kwingine, tabasamu linaganda hapo hapo. Siku ya pili nyumba tisa zikamfuta. Siku ya tatu zikamfuta nne. Ikafika siku ya mwisho kabisa, ile ya magauni meusi na mishumaa, akapewa karatasi ya mialiko yake. Ilikuwa na jina moja tu.

Nyumba ya Nguzo.

Nilipoona jina lake kwenye orodha ya wageni nikajua wameona haya, wanataka kumwomba radhi. Nikafurahi kabisa, mjinga mimi. Nikamtengenezea bakuli lake la pichi pembeni, kwa kuwa wageni wengine wote walipangiwa vitobosha vya pekani.

Sherehe ile hufanywa mchana kweupe, lakini mapazia wanayafunga ili mishumaa ionekane. Kila mgeni anakaa na dada mmoja anayemweleza kwa nini anaipenda nyumba hii, na dada anatakiwa alie. Wanafanya mazoezi ya kulia wiki nzima, nawasikia kupitia dirisha la kupakulia. Sisi wa jikoni tunapita na sinia, na ni marufuku kufungua mdomo.

Merritt alipangiwa Kinsley Vandergriff, mwenyekiti mwenyewe. Mwaka uliotangulia walikuwa wakikaa meza moja, viti viwili kati yao. Nikasogea na sinia langu.

"Merritt! Nimefurahi kukufahamu!" Kinsley akamshika mikono yote miwili. "Ulipoingia tu mlangoni nikawaambia wenzangu, huyu ni wetu."

 Binti hakuwa anaigiza. Alikuwa hamjui! Nywele zimebadilika rangi, basi mtu mzima kafutika.

Merritt alimtazama tu. "Ahsante," akasema.

"Nataka nikwambie kitu kilichonigusa." Kinsley akavuta pumzi, sauti ikaanza kutetemeka palepale inapotakiwa kutetemeka. "Mwaka jana tulimpoteza dada. Aliugua, halafu akatuacha. Iliniuma, mpenzi, huwezi kujua. Mpaka leo kiti chake bado kiko wazi mezani. Hivi ndivyo tunavyopendana sisi."

Chozi likashuka. Msichana wa kiti cha jirani naye akaanza kupangusa macho, akidhani kuna msiba.

Merritt akauliza polepole, "Alikuwa anaitwa nani?"

Kinsley akatupa jicho kwa wenzake, akalinyoosha gauni.  

"Majina haturuhusiwi kutaja," akasema. "Ni siri ya nyumba."

Nilikuwa na maneno, Mungu ananiona. Nilikuwa nayo hapa kooni, na mengine si ya kanisani. Lakini nina mkopo wa nyumba na goti bovu, nikanyamaza. Nikainama tu, nikaondoa kitobosha cha pekani mbele ya Merritt, nikaweka bakuli la pichi na kijiko.

Akaliangalia lile bakuli. Akaniangalia mimi. Hapo ndipo akalia, na hakuna aliyemfundisha. Kinsley akafurahi, akampigapiga mgongoni, akadhani ni kazi yake.

Karatasi ya kuchagua nyumba Merritt aliirudisha tupu. Siku ya bahasha hakuonekana uwanjani. Jioni ile, nikipakua wali, nikamsikia Kinsley anawaambia wapya sauti ikitetemeka: "Leo tumempoteza dada mwingine." Kwa mwendo huu, sherehe ijayo viti vitakuwa viwili. Na mimi ndiye ninayepanga viti, hakuna hata kimoja kilicho wazi. Wamebanana mpaka viwiko vinagongana.

Nilimpigia Merritt simu siku ya pili yake. Nikamwambia Jumapili nikitoka kanisani napika kwangu, ng'ambo ya reli, saa saba kamili, na mimi mtu wa kuchelewa simpendi. Akaja. Akala sukuma, maharage na mkate wa mahindi, akaosha vyombo vibaya, nikavirudia. Jumapili ya pili akaja tena.

Jumapili ya tatu ikafika saa saba, hayupo. Saa saba na robo, hayupo. Nikatoka barazani, nikarudi, nikafunika sufuria, nikatoka tena. Nikakumbuka yale mapafu. Nikachukua simu.

"We Merritt! Uko wapi? Unaumwa?"

 Nikamsikia anavuta kamasi.

"Siumwi, Bi Odessa. Niko hapa kwenye kona, nauona mlango wako."  "Nimechelewa makusudi. Nilitaka kuona."

Jamani! Nikamfokea mpaka jirani akachungulia dirishani. Nikamwambia mtoto hana adabu huyu, kunipandisha presha Jumapili ya Mungu, na nimemkata pointi tisa, na aje upesi maharage yanapoa.